Chafkata Yako Imegoma? Soma Hii Kabla Hujatia Mkono Ndani

Kama ocha kwenu kuna ng'ombe hata wawili, hii mashine unaijua. Chafkata ndiyo inakata nepia, mabua ya mahindi na Boma Rhodes ziwe vipande vidogo, ndio ng'ombe ale yote badala ya kuchagua majani matamu na kukanyaga mashina. Kuanzia Githunguri hadi Ol Kalou, Meru hadi Kericho, boma nyingi za maziwa ziko nayo. Kuna zile za kuzungusha na mkono, kuna za mota ya stima, na kuna za injini ndogo ya petroli ya hospawa 6.5 au 7. Nyingi zimechomelewa na wasee wa jua kali, Kamukunji na kwingineko, na hiyo ni poa juu ikiharibika hutafuti spea ng'ambo.

Noma ni kwamba hakuna anayekupea maelezo. Unalipa doh, mashine inapakiwa kwa pikapu, unaonyeshwa pa kuwashia, kwisha maneno. Miezi sita baadaye inatoa nyasi ndefu kama kamba, inatetemeka hadi mabati yanalia, na kijana wa shamba anaisukumia nepia na mkono juu "imekataa kuvuta". Hapo ndipo vidole huenda.

Tuanze na hiyo ya vidole, juu mengine yote yanaeza ngoja.

Zima kwanza, na usubiri

Mapema 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walifanya kitu iliyovuma nchi nzima: waliunganisha tena mkono wa kijana wa miaka 17 uliokuwa umekatika kabisa. Kilichoukata ni chafkata. Ilikuwa ushindi mkubwa kwa madaktari wetu, lakini elewa kwamba wengi wanaokatwa na hizi mashine hawaunganishwi. Mkono ukifika kwa visu, mara nyingi unatoka vipande.

Ajali nyingi hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu anasukuma kile kirundo cha mwisho na kiganja ndio kiingie. Rola za kuvuta hazijui nyasi ni gani na mkono ni upi. Zikishika kidole zinavuta kidole, kisha mkono, na visu viko inchi chache tu mbele. Kirundo cha mwisho kinasukumwa na kirundo kingine, ama na fimbo ya mti, ama kinaachwa humo humo. Ng'ombe hatakufa njaa kwa sababu ya majani matatu.

Ya pili ni ya wale wajanja: mashine imekwama, wanazima, wanafungua kifuniko hapo hapo. Lile gurudumu kubwa la visu ni zito, na uzito huo unaliwezesha kuendelea kuzunguka hata baada ya stima kukatwa. Likiwa halina kelele unadhani limesimama. Subiri mpaka ulione limetulia tuli. Kisha, kama ni ya petroli, ng'oa ile kofia ya plagi ya injini. Kama ni ya stima, ichomoe kabisa kutoka kwa soketi au uzime swichi kubwa, na uweke mtu hapo akilinda. Kuna boma mtu alikuwa ndani akinoa, mtoto akaona swichi imezimwa akadhani anasaidia. Usijaribu bahati yako.

Leso inayoning'inia, tai ya shule, mikono ya sweta iliyo mirefu, braids na dredi ndefu, zote zifungwe au zitolewe. Glavu pana pia wacha, zinashikwa na rola. Watoto wakae mbali, hata wale wanasema wanajua.

Na kama mashine yako haina mdomo mrefu wa kulishia, yaani ile meza ya bati inayotangulia rola, peleka kwa fundi wa kuchomelea aongeze. Mdomo uwe mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, na ufunikwe juu sehemu iliyo karibu na rola. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu, na inalinda kila mtu anayeitumia hata siku wewe hauko.

Inakata vibaya

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Nyasi inatoka ndefu, imepondwa, imetoa maji, na mashine inalemewa na kazi ambayo mwaka jana ilikuwa inafanya ikicheza. Wasee wengi hukimbilia injini. Injini haina makosa. Ni visu.

Chafkata hukata kama mkasi. Kuna visu vinavyozunguka, kwa kawaida viwili au vitatu, na kuna kisu kingine kimefungwa kwa mdomo hakisongi. Nyasi inapita juu ya kile kilichotulia, kinachozunguka kinakuja kuimaliza. Mkasi ukiwa butu, ama pini yake ikilegea, unajua vile hutafuna kitambaa badala ya kukikata. Ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo cheki vitu viwili: ukali na nafasi.

Ukali kwanza. Ng'oa visu vyote, na uweke alama kila kimoja kimetoka wapi. Utaona upande mmoja umelala bapa na upande mwingine umechongwa mteremko. Noa ule wa mteremko pekee. Ukianza kunoa ule wa bapa, kisu hakitakaa tena karibu na mwenzake na umejiharibia. Fuata mteremko uliokuwepo, usibuni wako. Tupa na jiwe la kunolea vinatosha kama unanoa mara kwa mara. Kama ni grainda ya umeme, enda polepole, gusa na uachilie, na uwe na ndoo ya maji hapo kando ya kupoza chuma. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, umeyachoma. Chuma kimepoteza ugumu wake na kitakuwa butu tena baada ya siku mbili. Mafundi wengine wa mtaani wanachoma visu namna hii kila siku na kukuambia visu vya siku hizi ni feki. Simama hapo ukicheki.

Visu vikinolewa, lazima vibaki na uzito sawa. Kimoja kikiliwa sana kuliko wenzake, gurudumu linakuwa na upande mzito, mashine inaanza kutetemeka, na kutetemeka kunalegeza bolti. Mizani ya jikoni inatosha kuvilinganisha. Ukibadilisha kimoja kwa sababu kimepasuka, badilisha vyote. Na kisu chenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, hakichomelewi. Kinatupwa.

Sasa bolti. Hapa usiwe bahili kabisa. Bolti za kushika visu ni zile ngumu, zenye namba 8.8 au zaidi imechapwa kwa kichwa. Bolti laini ya kawaida ya hadware itashika leo na kesho, halafu siku moja inakatika gurudumu likiwa kasi, na kisu kinapasua bati kikienda kutafuta mtu. Weka wosha ya springi au nati ya kujifunga, na kaza na spana ndefu. Baada ya kazi ya siku ya kwanza, zima, ngoja isimame, kaza tena. Huwa zinalegea kidogo zikishakaa.

Nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kisichosonga ndiyo watu hawaijui kabisa. Iwe ndogo sana, nusu milimita hadi milimita moja. Kadi ya benki ni karibu robo tatu ya milimita, kwa hivyo hiyo ndiyo geji yako ya bure: ipite kwa shida au isipite kabisa. Njia nyingine ni gazeti. Mashine ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, weka karatasi juu ya kisu cha chini, kisha zungusha gurudumu polepole kwa kusukuma ukingo wake na kipande cha mbao. Karatasi ikikatwa safi urefu wote wa kisu, uko sawa. Ikikatwa upande mmoja na kukunjwa upande mwingine, kisu kimekaa mshazari. Legeza bolti zake, songeza, jaribu tena. Fanya hivyo kwa kila kisu, juu kimoja kinaeza kuwa sawa na kingine kiwe kinagusa chuma. Kabla ya kuwasha, zungusha mzunguko mzima na mbao na usikize. Ukisikia chuma kikigusana, hujamaliza.

Kisu kile cha chini pia huchakaa. Kona yake ikishakuwa mviringo, kunoa vya juu ni kazi bure. Mashine nyingi zinaruhusu ukigeuze utumie upande mwingine, kwa hivyo kabla hujanunua kipya, kitoe uangalie.

Inakwama kila saa

Nyasi inajisokota kwa rola, mdomo unajaa, belti inapiga kelele. Kama mashine yako ina ile lever ya mbele, katikati na nyuma, hiyo ya nyuma iliwekwa kwa sababu hii. Rudisha nyuma, acha itapike, punguza kirundo, anza tena. Lever ikiwa ngumu ama ikiruka yenyewe, usiizoee hivyo. Meno ya giaboksi yameisha au fimbo yake imepinda, na siku utakayoihitaji haraka ndiyo itakataa. Watu wengine hufunga lever na waya ikae mbele milele. Fungua hiyo waya leo.

Sababu za kukwama ni chache. Visu butu, tumeshasema. Kulisha mashine kabla haijashika kasi: iwashe, iache isikike imetulia, ndio uanze. Kulisha kingi kwa mpigo, juu unataka kumaliza uende kucheki gemu. Nepia iliyokatwa asubuhi na umande: iache inyauke masaa machache, au uichanganye na mabua makavu, kirundo cha hii na kirundo cha ile. Majani ya viazi vitamu na nyasi laini hupenda kujizungusha kwa shafti, kwa hivyo yatangulize kwa upande wa shina, na usiyapeleke peke yake.

Kama visu ni vikali na bado rola hazivuti, angalia springi zinazobonyeza rola ya juu. Zikilegea, rola inaelea juu ya nyasi bila kuishika. Angalia pia meno ya rola kama yamejaa matope na utomvu uliokauka, ambao unaukwangua na kijiti. Na kama rola imesimama kabisa wakati gurudumu linazunguka, kuna uwezekano kile kichuma kidogo kinachofunga gia kwenye shafti, mafundi hukiita kii, kimekatika. Hicho ni rahisi. Wachana na fundi anayeanza kubonga habari ya giaboksi nzima kabla hajakiangalia.

Belti, beringi na hesabu ya puli

Belti ikinuka mpira ulioungua, inateleza. Bonyeza katikati yake na kidole gumba mashine ikiwa imezimwa: ishuke kama sentimita moja hadi moja na nusu. Ikishuka sana, sogeza injini nyuma ukaze. Isiposhuka kabisa, umekaza kupita kiasi na unaua beringi. Kama ziko mbili, nunua mbili mpya pamoja, juu mpya na kuukuu hazivuti sawa. Weka kamba iliyonyooka kutoka puli hadi puli uone kama ziko kwenye mstari mmoja. Belti inayoliwa upande mmoja inakuambia puli zimepishana. Na tafadhali, rudisha kifuniko cha belti. Vifuniko vingi huwa vimeegemezwa ukutani tangu fundi wa kwanza aje.

Beringi hupewa grisi kidogo, mara kwa mara. Ukijaza kama unapaka mkate blubandi, unasukuma sili nje na beringi inapata moto. Baada ya kazi, mashine ikiwa imesimama, gusa nyumba ya beringi. Ikiwa huwezi kuweka mkono hapo sekunde tano, kuna shida. Shika gurudumu na glavu ulitikise juu na chini: likicheza, beringi imeenda.

Sasa hii ya puli usome mara mbili, juu ni hatari ambayo huwezi kuiona. Stima imesumbua, buda anaamua kutoa mota na kuweka injini ya petroli. Puli inabaki ile ile. Mota nyingi za kazi hii huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Injini ndogo ya petroli ikifunguliwa yote hufika karibu 3,600. Kama puli ya mota ilikuwa inchi 6 na ya gurudumu inchi 12, visu vilikuwa vinazunguka mara 720. Weka injini kwa puli hiyo hiyo na sasa unafika 1,800. Mashine ile ile, bolti zile zile, kasi mara mbili na nusu. Nyasi itatoka ikiruka kwelikweli na utadhani umeomoka, hadi siku kisu kitakapong'oka. Ukibadilisha mtambo, badilisha puli. Hesabu ni kasi ya mtambo mara ukubwa wa puli yake ndogo, gawanya kwa puli kubwa. Jibu liwe karibu na kasi ya zamani. Kwa mfano huo, puli ya inchi 2 na nusu kwa injini inakupa 750, na hapo uko fiti.

Injini ya petroli haiwaki

Kabla hujamwita fundi: swichi iko "on"? Mfereji wa petroli umefunguliwa? Usicheke, hii ndiyo dawa ya nusu ya simu ambazo mafundi hupigiwa.

Kisha oili. Injini nyingi za saizi hii ziko na kifaa kinachokataza kuwaka oili ikishuka. Ukiiweka mahali penye mteremko, kifaa kinadhani oili imeisha hata kama iko. Kwa hivyo weka mashine pakiwa sawa, fungua kijiti cha oili, angalia. Injini ya 6.5 hubeba kama lita 0.6 pekee, kwa hivyo haina akiba ya kuchezea. Ikiwa mpya, mwaga oili ya kwanza baada ya masaa 20 ya kazi, hiyo ndiyo ina chembe za chuma. Baadaye kila masaa 100. Kama unakata saa moja kila siku, hiyo ni kama kila miezi mitatu.

Filta ya hewa ndiyo husahaulika, na chafkata inatoa vumbi kuliko jenereta ya harusi. Toa sponji, osha na maji ya sabuni, ikauke kabisa, weka tone la oili safi, kamua, rudisha. Ya karatasi haioshwi, inagongwa polepole vumbi itoke, ikichakaa unanunua ingine. Ukiona moshi mweusi na nguvu kidogo, anza hapo.

Plagi ya injini itoe uiangalie. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, isugue na brashi ya waya. Nafasi ya moto iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Ikiwa imelowa petroli, umevuta choki kupita kiasi: iache ikauke na ujaribu bila choki. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara kumi, petroli haifiki. Hapo angalia kikombe kidogo chini ya kabureta, kifungue, mwaga maji na uchafu. Petroli iliyokaa kwa tangi zaidi ya mwezi mmoja inaanza kuacha gundi ndani ya kabureta. Ukijua utasafiri, funga mfereji na uache injini ijizime yenyewe petroli ikiisha.

Petroli haiongezwi injini ikiwa moto, hasa ukiwa umezungukwa na mabua makavu. Subiri ipoe. Na usiiwashe ndani ya stoo iliyofungwa ati kunanyesha. Moshi wake una ile gesi ile ile ya jiko la makaa inayoua watu usingizini.

Mota inanguruma lakini haizunguki

Zima. Saa hiyo hiyo. Mota inayonguruma bila kuzunguka inajichoma, na dakika chache zinatosha kuifanya ya kupelekwa kwa msee wa kufunga waya upya.

Chomoa, kisha jaribu kuzungusha gurudumu na mbao. Likikataa, kuna kitu kimekwama ndani na mota haina kosa. Likizunguka freshi, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kile kidude cha mviringo kinachokaa juu ya mota kama nundu. Kikiwa kimevimba ama kinavuja, ndicho. Kipya kiwe na namba zile zile zilizoandikwa kwa ngozi yake: mikrofaradi sawa, na volti zisipungue. Kapasita hubaki na umeme ndani hata ikiwa imechomolewa, na inaeza kukutupa ukutani. Kama hujui kuimaliza huo umeme, hiyo ni kazi ya fundi wa stima.

Mshukiwa wa pili ni ekstensheni. Mota ya hospawa 3 inataka ampia nyingi, na wakati wa kuanza inataka mara kadhaa zaidi. Ile waya nyembamba ya kuchajia simu, imevutwa kutoka sebuleni hadi kwa zizi, inameza volti njiani kote. Mota inafika imepewa mabaki. Inanguruma, inapata moto, swichi inaruka. Hii mota inafaa laini yake yenyewe kutoka kwa bodi, na swichi yake, na waya nene: 2.5 kama ni karibu, 4 kama zizi liko mbali. Ekstensheni iliyokunjwa kama donati wakati inabeba mzigo huu inaeza kuyeyuka. Na laini ya athi si mapambo. Sakafu ya zizi huwa na maji, mashine yote ni chuma, na wewe uko na gambuti iliyotoboka.

Kama jioni mashine inalegea na asubuhi iko poa, stima yenu inashuka majirani wote wakiwa wanapika. Kata asubuhi. Ni suluhisho la bure.

Ikizunguka kinyume baada ya fundi kuifungua, visu vitakuja na mgongo na haitakata kitu. Kwenye laini tatu, fundi anabadilisha waya mbili tu. Kwenye laini moja ni ndani ya boksi ya mota, mwachie. Cheki mshale uliochorwa kwa mwili wa mashine, na kama hauko, uchore wewe na rangi.

Waya na misumari

Chafkata ikikutana na msumari, mapengo yanatokea kwa kisu na unajua. Ikikutana na waya mwembamba wa kufungia mabelo, inaukata vipande vipande kimya kimya, na unapelekea ng'ombe kwa karai. Ng'ombe hatafuni akichagua kama mbuzi. Anameza. Kile kipande kinakaa tumboni, na tumbo hilo liko jirani na moyo. Siku moja kinatoboa. Ng'ombe anaacha kula, maziwa yanashuka, anasimama mgongo umepinda, na mara nyingi daktari anafika amechelewa. Ndio maana nyasi inapeperushwa na kukaguliwa kabla ya mdomo wa mashine, hasa mabua yaliyonunuliwa kwa lori. Wengine wanafunga sumaku kubwa chini ya mdomo. Inasaidia, lakini macho yako pia yafanye kazi.

Na matawi je? Kaliandra na sesbania zenye vijiti vyembamba kuliko kidole kidogo zinapita. Tawi la mkaratusi ulilokata juu linasumbua mabati halipiti, hata kama mdomo unatosha. Mashine ya kusaga matawi ina visu vinene zaidi na mwili mzito wa kuhimili mgongano. Yako imetengenezewa nyasi. Ukilazimisha, kinachovunjika kwanza ni meno ya rola, halafu shafti.

Ukimaliza kazi

Iache izunguke tupu dakika moja ijitapishe, zima, subiri, chomoa, kisha ifagie ndani na brashi. Utomvu wa nepia una asidi na unaleta kutu usiku mmoja. Paka visu mafuta kidogo ya kupikia, si oili chafu ya gari, juu nyasi ya kwanza kesho inaenda mdomoni mwa ng'ombe. Usiimwagie maji na mpira kama unaosha mkokoteni. Ifunike, na ile kofia ya plagi ama ufunguo wa swichi uingie nao nyumbani.

Mtu akikatwa

Mashine izimwe na mtu mmoja, mwingine abonyeze jeraha na kitambaa safi kwa nguvu na asiachilie kuchungulia. Inua mkono juu ya kifua. Kama kitambaa kinalowa, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza. Usipake kahawa, majivu wala petroli. Kama mkono umekwama ndani ya rola, usiuvute: zima, chomoa, legeza rola ya juu au irudishe nyuma kwa kuzungusha na mkono.

Sehemu iliyokatika itafutwe hata kama imechanganyika na nyasi. Ifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, weka ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, halafu mfuko huo uweke ndani ya chombo chenye barafu au maji baridi sana. Barafu isiguse nyama moja kwa moja, inaiua. Usiioshe na dawa. Asipewe chakula wala chai, juu anaeza ingizwa chumba cha upasuaji mara moja. Andika saa aliyokatwa kwa karatasi, mpe atakayempeleka, na mkiwa njiani pigeni simu hospitali muulize kama wana daktari wa upasuaji, ndio msifike mahali mtaambiwa mgeuke.